Mbona kadi ya GB 32 huonyesha GB 29 pekee?

Mtu anayenunua kadi ya kumbukumbu, ile inayojulikana na wengi kama memori kadi, katika mojawapo ya vibanda vya vifaa vya simu kwenye Barabara ya Oginga Odinga jijini Kisumu au katika soko la Kibuye, hutarajia kupata kile kilichochapishwa juu yake. Kadi ikiwa imeandikwa GB 32, naye amelipa bei ya GB 32, hutarajia nafasi ya GB 32. Lakini akiitia kwenye kompyuta kabla hata ya kuhifadhi wimbo mmoja, huonyeshwa GB 29.8 au pungufu kidogo. Zaidi ya GB 2 hazionekani.

Hapo ndipo mabishano huanza. Mnunuzi hushuku kwamba ameuziwa bidhaa ghushi. Muuzaji naye, akitaka kujitetea, humwambia kwamba nafasi hiyo imeliwa na kufomati, au kwamba kiwanda kimeitenga kwa matumizi yake. Kwa kiasi kikubwa, maelezo haya yote hayana msingi. Kadi halali ya GB 32 haijapoteza chochote. Kilichopo ni vipimo viwili tofauti vinavyotumia jina moja, ambapo kiwanda hupima kwa kimoja na kompyuta kwa kingine.

Hata hivyo, si kila upungufu ni wa hesabu tu. Zipo kadi ambazo zimebadilishwa kwa makusudi ili zionyeshe ujazo usiokuwamo, na hizo zimewapotezea watu picha na kanda ambazo haziwezi kurudiwa. Kwa sababu hiyo ni muhimu kwa mnunuzi kuweza kutofautisha upungufu wa halali na udanganyifu.

GUNIA MOJA, VIPIMO VIWILI

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jina moja lenye vipimo viwili. Neno gunia limewahi kumaanisha gunia lililoshonwa mdomoni, na pia lile lililoongezewa kilemba juu hadi likaitwa lumbesa. Mkulima aliuza gunia moja, mchuuzi akanunua gunia moja, lakini mizani ilisema mengine. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia kwa sababu neno hilo peke yake halikutosha kuwa kipimo.

Kando ya Ziwa Victoria, gorogoro hutumika sokoni kupimia mahindi, maharagwe na omena. Kopo hilo lilianza kama kopo la kilo 2 la mafuta ya kupikia. Likijazwa omena kavu, uzito wake haufikii ule wa mahindi, ijapokuwa kopo ni lile lile na jina ni lile lile. Kadhalika, nahodha wa meli inayong'oa nanga katika bandari ya Kisumu akisema maili moja huwa na maana ya mita 1,852, ilhali maili ya barabarani ni mita 1,609. Hakuna aliyedanganya, ila msikilizaji asiyejua ni maili ipi inayotajwa atakosea hesabu yake.

Gigabaiti, inayofupishwa GB, imo katika hali hiyo hiyo.

BITI, BAITI NA CHANZO CHA 1,024

Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa kutumia alama mbili tu, sifuri na moja. Alama moja ya aina hiyo huitwa biti. Biti 8 zikikusanywa pamoja hufanya baiti moja, neno lililobuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz, mhandisi wa kampuni ya IBM. Katika maandishi ya kawaida, herufi moja huchukua baiti moja. Hivyo jina Kisumu lina baiti 6, yaani biti 48.

Tatizo lilianza pale baiti zilipokuwa nyingi na kuhitaji majina mafupi. Katika vipimo vya kimataifa, kilo ni elfu moja, mega ni milioni moja, na giga ni bilioni moja. Maana ya kilo ilikuwapo nchini Ufaransa tangu mwaka 1795, nazo giga na tera ziliidhinishwa rasmi kwa vipimo vyote mwaka 1960. Kwa utaratibu huo, kilobaiti ni baiti 1,000, na gigabaiti ni baiti 1,000,000,000.

Lakini wahandisi wa kompyuta walikuwa na shida yao. Kumbukumbu ya ndani ya kompyuta hufikiwa kwa anwani zinazoandikwa kwa sifuri na moja. Waya moja ya anwani huweza kutofautisha mahali 2, waya mbili mahali 4, tatu mahali 8. Waya 10 hutofautisha mahali 1,024, kwa maana namba 2 ikiandikwa mara kumi na kuzidishwa yenyewe kwa yenyewe huleta 1,024. Kwa kuwa 1,024 inakaribiana mno na 1,000, wahandisi waliazima neno kilo wakalitumia kwa 1,024. Tofauti ilikuwa ndogo, asilimia 2.4 pekee, na watu waliotumia neno hilo walikuwa wachache walioelewana.

Watengenezaji wa diski wao hawakuwa na sababu ya kufuata 1,024, kwani diski haipangwi kwa waya za anwani, nao wakaendelea kuhesabu kwa elfu. Wakati mwingine hesabu hizo mbili zilichanganywa katika kifaa kimoja. Disketi zilizotumika maofisini hadi miaka ya 2000 ziliandikwa MB 1.44. Ujazo wake halisi ulikuwa baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024. Idadi hiyo ni MB 1.47 kwa hesabu ya elfu, na MB 1.41 kwa hesabu ya 1,024. Ile 1.44 iliyoandikwa haikuwa sahihi kwa kipimo chochote kati ya viwili hivyo.

JINSI GB 32 ZINAVYOGEUKA 29.8

Tofauti ya asilimia 2.4 haibaki hapo. Kila hatua ya kupanda kutoka kilo hadi mega, na kutoka mega hadi giga, huirudia na kuikuza. Katika mega hufikia takriban asilimia 4.9, katika giga asilimia 7.4, na katika tera karibu asilimia 10. Hii ndiyo sababu malalamiko hayakusikika sana enzi za disketi, yakaongezeka kadiri ujazo ulivyokua.

Mfumo wa Windows, unaoendesha kompyuta nyingi nchini, huhesabu gigabaiti moja kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Kiwanda kwa upande wake huhesabu bilioni moja kamili. Kadi ya GB 32 ina baiti 32,000,000,000. Idadi hiyo ikigawanywa kwa 1,073,741,824 jibu ni 29.8. Baiti zote zimo ndani. Ni sawa na shehena ile ile ya mahindi iliyomiminwa katika makopo makubwa zaidi: idadi ya makopo hupungua, lakini mahindi hayajapungua.

Kwa kutumia hesabu hiyo, mnunuzi atarajie kuona takriban viwango hivi kwenye kompyuta ya Windows:

Kadi ya GB 4: 3.73
Kadi ya GB 8: 7.45
Kadi ya GB 16: 14.90
Kadi ya GB 32: 29.80
Kadi ya GB 64: 59.60
Kadi ya GB 128: 119.21
Kadi ya GB 256: 238.42
Diski ya TB 1: 931.32

Asiyetaka kukariri orodha anaweza kuzidisha ujazo uliochapishwa kwa 0.93. Kiwango kinachoonekana kikiwa karibu na jibu hilo, hesabu ni ya kawaida.

Si mifumo yote inayofanya hivyo. Kampuni ya Apple iliacha hesabu ya 1,024 katika kompyuta zake mwaka 2009 na kuanza kuhesabu kwa elfu kama viwanda. Mfumo wa Android nao ulifuata mkondo huo kuanzia toleo la 8, lililotoka mwaka 2017. Ndiyo maana kadi ile ile yaweza kuonyesha karibu 32 kwenye simu na 29.8 kwenye kompyuta ya jirani, jambo linalozidi kuwachanganya wasiojua chanzo chake.

Juhudi za kuondoa utata huo zilifanywa mapema. Desemba 1998, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) iliidhinisha majina mapya ya hesabu ya 1,024: kibi badala ya kilo, mebi badala ya mega na gibi badala ya giga. Kwa lugha hiyo, kadi ya GB 32 ina gibibaiti 29.8, zinazofupishwa GiB, na mabishano yangeisha mara moja. Majina hayo yamekubalika miongoni mwa wataalamu, ila Windows imeendelea kuandika GB ilhali inahesabu GiB. Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida hana njia ya kujua kwamba kipimo kimebadilika.

KUFOMATI HUCHUKUA KIASI GANI?

Ni kweli kwamba kufomati huchukua nafasi. Kadi haiwezi kutumika bila orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi, kama vile ghala lisivyoweza kuendeshwa bila daftari. Swali ni ukubwa wa daftari hilo.

Kadi za zaidi ya GB 2 hadi GB 32, ambazo huwa na alama ya SDHC tangu mwaka 2006, kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32. Kadi nzima hugawanywa katika visanduku, mara nyingi vya baiti 32,768 kila kimoja. Kadi ya GB 32 huwa na visanduku visivyofika milioni moja, na kila kisanduku huhitaji baiti 4 katika daftari. Daftari lenyewe huandikwa mara mbili, ili nakala moja ikiharibika nyingine isalie. Jumla yake haifiki MB 8. Huo ni ukubwa wa nyimbo mbili hivi. Anayesema kufomati kumekula GB 2 amezidisha zaidi ya mara 200.

Visanduku hivyo, hata hivyo, hula nafasi kwa njia nyingine baada ya kadi kuanza kutumika. Faili haliwezi kushiriki kisanduku na faili jingine. Ujumbe mfupi wa baiti 100 huchukua kisanduku kizima cha baiti 32,768, na sehemu iliyobaki hukaa tupu. Kwa wastani kila faili hupoteza nusu kisanduku mwishoni mwake, kwa hiyo faili 10,000 ndogo hupoteza takriban MB 160. Mwenye filamu chache kubwa hatahisi lolote. Mwenye maelfu ya picha ndogo zilizotumwa kwa simu atahisi.

Kuna upungufu mwingine usio upungufu. Mfumo wa FAT32 haukubali faili moja lifikie GB 4 kamili kwa hesabu ya 1,024, yaani baiti 4,294,967,296. Mtu akijaribu kunakili filamu ya ukubwa wa GB 5 kwenye kadi tupu ya GB 32, hukataliwa, naye hudhani kadi imejaa au ni mbovu. Kadi za zaidi ya GB 32, zenye alama ya SDXC iliyotangazwa mwaka 2009, hutumia mfumo wa exFAT ambao hauna kikwazo hicho.

Aidha, kadi iliyotumika huweza kuficha vitu. Simu huhifadhi vipicha vidogo vya kila picha ili zifunguke haraka. Kompyuta za Apple huacha faili zilizofutwa katika jalala lililofichwa ndani ya kadi hiyo hiyo hadi jalala lenyewe limwagwe. Mwenye kadi hufuta picha, kisha hushangaa kwamba nafasi haikurudi.

KILICHOMO NDANI YA KADI

Kadi hizi hutumia aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba nchini Japani miaka ya 1980. Umbo la kadi ya SD lilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Matsushita na Toshiba, na lile dogo la simu, microSD, likaidhinishwa mwaka 2005.

Ndani yake mna sehemu mbili kuu: chipu inayohifadhi chaji za umeme, na kidhibiti kidogo kinachoamua kila data iandikwe wapi. Chipu hizo hazitoki kiwandani zikiwa kamilifu. Baadhi ya sehemu zake huwa mbovu tangu mwanzo, na nyingine huchakaa kadiri zinavyoandikwa na kufutwa. Kwa hiyo kidhibiti huhitaji akiba ya sehemu nzima za kuchukua mahali pa zilizokufa, pamoja na nafasi ya kuweka kumbukumbu zake mwenyewe.

Hapa ndipo hesabu ya elfu inapomfaa mtengenezaji. Chipu zenyewe kwa kawaida hujengwa kwa hesabu ya 1,024. Chipu ya baiti bilioni 34.36 ikitangazwa kuwa GB 32 kwa hesabu ya elfu, hubaki tofauti ya zaidi ya baiti bilioni 2 ambayo kidhibiti hutumia kama akiba. Akiba hiyo huirefushia kadi maisha. Kwa hiyo aliyesema kiwanda hutenga nafasi hakukosea kabisa. Alichokosea ni kudhani kwamba nafasi hiyo hutolewa katika zile baiti bilioni 32 alizouziwa mteja.

Simu yenyewe, tofauti na kadi, hupunguza nafasi kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mfumo wake na programu zilizowekwa kiwandani hukaa katika kumbukumbu hiyo hiyo inayotangazwa. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba kompyuta yake ya Surface Pro ya GB 64 ingemwachia mtumiaji takriban GB 23 tu. Anayenunua simu kwa kuangalia ujazo wa ndani hana budi kuuliza ni kiasi gani kilicho huru.

MAHAKAMA ZILIVYOAMUA

Suala hili limefika mahakamani zaidi ya mara moja nchini Marekani. Mwaka 2004 kampuni kadhaa za kadi, zikiwemo SanDisk, Lexar, Kingston na Eastman Kodak, zilishtakiwa huko California na mnunuzi aliyedai kwamba kadi ya MB 256 ilimpa MB 244 pekee. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maafikiano: kampuni zilikubali kueleza wazi kwenye pakiti na tovuti zao jinsi zinavyohesabu ujazo, nao wateja wakapewa punguzo la asilimia 10 kwa ununuzi wa baadaye katika maduka ya kampuni hizo ya mtandaoni.

Tangu hapo pakiti nyingi zimekuwa na maandishi madogo yanayosema kwamba GB 1 ni sawa na baiti bilioni 1 na kwamba nafasi ya kutumia ni pungufu. Maandishi hayo yaliziokoa kampuni. Januari 2020, mahakama ya shirikisho huko California iliamua kesi nyingine dhidi ya SanDisk kwa kuipa kampuni hiyo ushindi, kwa kuwa pakiti ilikuwa imeeleza kipimo kilichotumika. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo mwaka uliofuata.

Kwa mnunuzi wa Kisumu, maana yake ni moja. Pale kadi inapouzwa bila pakiti, kama ilivyo kawaida katika vibanda vingi, maelezo hayo hayamfikii.

DAKIKA 13 ZA MWISHO

Kwa anayehifadhi nyimbo, tofauti ya hesabu ni jambo dogo. Kwa mpiga video, yaweza kuwa hasara. Kutoka Asembo Bay hadi Homa Bay, familia nyingi hukodisha wapiga video kurekodi harusi na mazishi, ili jamaa walio Nairobi au ng'ambo waone yaliyotendeka. Mazishi hayarudiwi.

Chukua kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 24 kwa sekunde. Megabiti hapa ni biti, wala si baiti, hivyo ni lazima kugawanya kwa 8 na kupata MB 3 kwa sekunde. Kadi yenye baiti bilioni 32 itajaa baada ya saa 2 na dakika 57. Mpiga video aliyedhani kila GB ina baiti 1,073,741,824 angetarajia saa 3 na dakika 10. Tofauti ni dakika 13, na katika ibada iliyochelewa, dakika hizo huenda ndizo za jeneza kuteremshwa kaburini.

Kosa la kuchanganya biti na baiti ni kubwa zaidi, kwani ni la mara 8. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa biti, ilhali bando huuzwa kwa baiti. Laini ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua MB 1 kwa sekunde, si MB 8.

KADI ZINAZODANGANYA

Yote yaliyotangulia ni ya kadi halali. Kadi ghushi ni suala tofauti kabisa, na hatari yake ni kwamba haionyeshi upungufu wowote.

Mlaghai huchukua kadi yenye chipu ndogo, tuseme ya GB 8, na kubadilisha programu iliyo ndani ya kidhibiti ili ijitangaze kuwa ya GB 64. Kisha juu yake huchapwa nembo ya kampuni maarufu. Simu au kompyuta haina njia ya kuona chipu moja kwa moja, bali huuliza kidhibiti, nacho hujibu uongo. Skrini huonyesha 59.6, kiwango kile kile ambacho kadi halali ingeonyesha.

Kadi hiyo hufanya kazi vizuri hadi ile GB 8 halisi ijae. Baada ya hapo, data mpya hutupwa kimyakimya au huandikwa juu ya ile ya zamani. Majina ya faili huendelea kuonekana, na ukubwa wake pia, lakini likifunguliwa halina kitu. Kwa kamera iliyotajwa hapo juu, GB 8 huisha baada ya dakika 44. Mpiga video huendelea kurekodi kwa saa mbili zaidi huku taa nyekundu ikiwaka, na hugundua hasara akiwa nyumbani, wakati waombolezaji wameshatawanyika.

Kwa hiyo kiwango kinachoonyeshwa kwenye skrini si ushahidi wa lolote. Kadi halali huonyesha pungufu ikiwa na kila kitu, na kadi ghushi huonyesha kamili ikiwa haina.

Njia pekee ya kuaminika ni kuijaza kadi yote na kuisoma yote. Programu ya H2testw kwa kompyuta za Windows, na ile ya F3 kwa kompyuta za Linux na za Apple, hufanya kazi hiyo bila malipo. Huijaza kadi kwa data inayojulikana, kisha huisoma tena na kueleza ni kiasi gani kimerudi salama. Kwa kadi inayoandika MB 10 kwa sekunde, kujaza GB 32 huchukua kama dakika 53, mbali na muda wa kusoma. Asiye na programu hizo anaweza kunakili filamu hadi kadi ijae, kuichomoa, kuirudisha, na kufungua kila filamu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akiisogeza hadi katikati na mwishoni mwake. Jaribio hilo lifanywe kadi ikiwa mpya na tupu, siku kadhaa kabla ya shughuli.

Dalili nyingine ni bei. Kadi ya GB 128 inayouzwa kwa bei ya GB 16 haina maelezo mema. Risiti nayo ni muhimu, kwani bila risiti ni vigumu kuthibitisha kadi ilinunuliwa wapi.

Sheria iko upande wa mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo anayohitaji ili afaidi bidhaa hizo, na fidia ya hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, nayo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inafanya uuzaji wa bidhaa zenye nembo za kughushi kuwa kosa la jinai. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, au kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Mnunuzi anayeona 29.8 kwenye kadi ya GB 32 hana kesi, naye muuzaji hana haja ya kumtungia hadithi ya kufomati. Anayeona kanda ya mazishi ya mzazi wake ikifunguka tupu ndiye mwenye kesi, ila fidia yoyote atakayolipwa haitamrudishia kanda hiyo. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga ni saa moja au mbili za kuijaribu kadi kabla ya kuiamini.